Harusi ya Kichina ndani ya ukungu wa San Francisco: ninavyoipiga picha

Maharusi wengi wa San Francisco huchagua Julai au Agosti wakiamini wamechagua kiangazi. Kalenda wamesoma vizuri, bahari ndiyo waliyoisahau. Maji ya Pasifiki upande huu ni baridi mwaka mzima. Hewa yenye unyevu ikipita juu yake hugeuka ukungu, na joto la mabonde ya ndani ya California linauvuta ukungu huo hadi mjini kupitia mlango wa ghuba, pale lilipo daraja la Golden Gate. Minara ya daraja hilo ina mita 227, na kuna asubuhi unasimama chini yake usione hata mmoja.

Asubuhi kama hizo simu haikosi kulia: "Tuahirishe picha za nje?" Huwa nakataa. Kinachobadilika ni orodha ya picha.

Nichukue mfano wa harusi moja. Bibi harusi ni wa familia ya Kikantoni, Wachina wa kusini, bwana harusi amekulia Nakuru, na shangazi zake wamesafiri na vitenge na vigelegele vyao. Picha iliyoandikwa juu kabisa kwenye orodha yao ilikuwa ya daraja, na daraja halikuwepo. Tukaenda Lands End, pwani ya miamba magharibi mwa mji, kwenye miti ya saiprasi zilizopindwa na upepo wa bahari. Ukungu ukifuta kilicho mbali, unataka kitu chenye umbo karibu yako, na mti uliopinda unatosha kabisa.

Jambo la kwanza ni kusogea. Lenzi ndefu, ya milimita 135 au 200, inakuweka mbali, na kila mita unayoongeza ni ukungu zaidi mbele ya nyuso: weusi unageuka kijivu, na fokasi inahangaika kutafuta pa kushika. Mimi hubaki na lenzi fupi, 35 na 50. Jambo la pili ni kutoiamini mita ya kamera, yaani kipimo chake cha mwanga. Ikiona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi na kuupunguza. Ukiiachia, ukungu utatoka rangi ya saruji, na bwana harusi mweusi tii atabaki kivuli ndani ya suti. Ninapima mwanga kwenye shavu lake, mara nyingi naishia stopu moja na kitu (stopu moja ni mwanga mara mbili) juu ya kile kamera inachotaka, na ukungu ukielekea kuwa mweupe kabisa siuhurumii. Ngozi nyeusi kwenye mwanga huu hupendeza sana, kwa sababu anga lote linaakisi kwenye paji la uso na mashavu. Uso mweupe ndio unaobapa, kwa hiyo bibi harusi nilimsimamisha ubavuni mwa shina jeusi la mti ili upande mmoja upate kivuli.

Flashi ya juu ya kamera ibaki begini. Inamulika matone yaliyo hewani kabla ya kuwafikia watu, na picha inajaa vidoa vyeupe. Iweke nyuma ya maharusi, ukungu wenyewe utawaka kuwazunguka.

Halafu kuna wekundu. Husemwa kwamba rangi nyekundu inapenya ukungu, na si kweli. Matone ya ukungu ni makubwa mno kuliko mawimbi ya mwanga, hivyo yanatawanya rangi zote karibu sawasawa, na ndiyo sababu ukungu ni mweupe. Nyekundu inaonekana kwa nguvu kwa kuwa kila kitu kingine kimepauka. Taabu yake iko ndani ya kamera. Vazi la Kikantoni la arusi, koti na sketi ya hariri nyekundu, limetariziwa joka na finiksi, ndege wa hadithi, kwa nyuzi za dhahabu na fedha. Histogramu ya jumla, grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, itakwambia mambo shwari huku rangi nyekundu peke yake imeshafurika na joka limegeuka doa tambarare. Ukungu unataka uongeze mwanga, hariri inataka upunguze. Kwa picha za vazi lenyewe nashuka theluthi mbili za stopu, napiga RAW (faili ghafi lisilochakatwa na kamera), na naangalia histogramu ya rangi moja moja.

Mwavuli ndio unaonipa kazi kuliko vyote. Kwa desturi, bibi harusi akitoka kwao hufunikwa mwavuli mwekundu, unaoshikwa na mama mtu mzima anayeongoza shughuli au na msimamizi wake. Siku ya ukungu mwanga mwingi unatoka juu, unapita kwenye kile kitambaa, na uso wa bibi harusi unakuwa mwekundu wakati mikono yake ina rangi ya kawaida. Hakuna urekebishaji wa rangi utakaoponya vyote viwili kwa pamoja. Mwombe mshikaji, kwa adabu, auinue na kuulaza nyuma kidogo ili mwanga wa mbele uingie. Wala usimpe mwavuli wako mweupe wa kazi: kwa Wachina wa kale nyeupe ni rangi ya msiba, na bibi zake hawatakuvumilia.

Mlangoni, wasichana wa bibi harusi walimzuia bwana harusi kwa majaribio na vicheko hadi bahasha nyekundu zilipopita. Shangazi wa Nakuru hawakuhitaji mkalimani, kwao pia geti halifunguliwi bure.

Kisha chai. Kabla ya kuingia, jua kwamba lenzi iliyotoka kwenye baridi ikikutana na chumba kilichojaa watu na mvuke wa birika itaingia umande. Ninaacha kamera moja ndani tangu mapema, ile ya nje inabaki begini hadi ipate joto. Chai haina marudio. Maharusi wanapiga magoti juu ya mito na kutoa kikombe kwa mikono miwili, mzee anakipokea kwa mikono miwili, anakunywa, kisha anatoa bahasha au dhahabu. Wakubwa hutangulia, kila familia kwa mpangilio wake, kwa hiyo naomba orodha kwa mama mdogo wa bibi harusi siku moja kabla. Mswahili hana haja ya kuelezwa kwa nini baba mkubwa hawezi kunywa baada ya baba mdogo. Ninasimama pembeni, nyuma kidogo ya bega la mzee, nione nyuso za waliopiga magoti bila kumkinga mtu. Mwanga wa dirishani siku ya ukungu ni laini hivi kwamba sikuwasha taa hata moja. Shangazi mkubwa wa bwana harusi alipopewa kikombe chake alipiga kigelegele kabla ya kunywa, chai ikamwagikia kisahani, na bibi mzaa baba wa bibi harusi akacheka hadi akashika mbavu.

Karamu ya jioni, na nguruwe mzima wa kuchoma na maharusi kupita meza kwa meza, ni kazi ya ukumbini kama ukumbi mwingine wowote.

Kwenye kompyuta, kitufe cha kuondoa ukungu nakigusa kwa vazi tu, kuirudishia tarizi makali yake. Joto la rangi naliweka namba moja kwa picha zote za nje, karibu Kelvin 6000, maana kamera ikiachiwa ichague yenyewe, picha mbili za dakika moja zitatoka moja ya buluu na nyingine ya njano. Na mjomba akiomba daraja liongezwe nyuma yao, namwambia bei ya kurudi Septemba, ukungu unapokuwa umepungua.