Je, Wajua Kwa Nini Mwanafunzi Hujua Fomula, Ila Bado Huamini Mti Umetoka Udongoni?

Waonyeshe wanafunzi wa sekondari gogo kavu la kilo 50, kisha uwaulize: "Hili lilianza kama mbegu. Uzito wote huu umetoka wapi?" Wengi watajibu bila kusita: udongoni. Wengine wataongeza maji na mbolea. Hewa huitaja wachache, ingawa kwenye mtihani waliandika sawasawa fomula ya usanisinuru, kwamba mmea huchukua hewa ya ukaa na maji, ukatumia mwanga kutengeneza glukosi na oksijeni.

Si uvivu. Mwanafunzi haji darasani na kichwa kitupu. Tangu utotoni ameona mizizi imezama ardhini na mimea ikidhoofu udongo unapochoka, kwa hiyo maelezo anayo tayari, na yanamtosha. Fomula ikija haiyafukuzi. Vinakaa pamoja kwa amani, fomula ikisubiri mtihani.

Tena hewa, kwake, si kitu. Hata Kiswahili kinamuunga mkono: mtu aliyepo kwenye orodha ya mishahara tu tunamwita mfanyakazi hewa. Kumbe hewa iliyojaa chumba cha mita 8 kwa 7, chenye kimo cha mita 3, ina uzito wa kilo 200 hivi. Fanyeni hesabu hiyo ubaoni kabla ya kugusa usanisinuru, kwa kuwa mita moja ya ujazo ya hewa ni kama kilo 1.2.

Na asicheke mtu. Hata mwanasayansi wa karne ya 17, Jan Baptist van Helmont, alikosea. Alipanda mche wa kilo 2 na ushei kwenye udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akawa anaumwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulifika kilo 77 hivi. Udongo ulikuwa umepungua gramu 60 tu. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Udongo ulishindwa kesi hapo, lakini yeye akahitimisha kwamba mti wote ni maji. Na huyu ndiye aliyebuni neno "gesi", tena aliijua gesi itokayo kwenye mkaa unaoungua, ambayo ndiyo hewa ya ukaa! Jibu alikuwa nalo mkononi. Hadi mwaka 1804 ndipo mwanakemia wa Uswisi, Nicolas-Théodore de Saussure, alipoonyesha kwa vipimo kwamba kaboni ya mmea hutoka kwenye hewa ya ukaa, na maji nayo yanachangia.

Kwa hiyo kumpa mwanafunzi jibu sahihi mapema, nionavyo mimi, ni kumnyima nafasi ya kushangaa. Kwanza aandike anachotabiri, kwa kalamu, asije akasema baadaye kwamba alijua. Halafu pimeni kilo 1 ya kuni kavu, zichomwe nje mpaka ziishe kabisa, na majivu yapimwe. Kwa kawaida hayafiki hata gramu 20. Madini ya udongoni, kama potasiamu na kalisi, yamebaki humo.

Sehemu nyingine yote ya kuni, yaani kaboni iliyokuwa karibu nusu ya uzito wake pamoja na oksijeni na hidrojeni, imerudi hewani ikiwa hewa ya ukaa na mvuke. Sasa mpe yule aliyeandika "udongo" ashike majivu kiganjani, na umuulize tena lile swali la gogo.