Je, Wajua Kwa Nini Mpindo wa Mbao Hutoka na Vinundu?

Ubao wa kichwani mwa kitanda unaweza kukatwa kwa uangalifu wote, na bado jicho likakwama mahali fulani pa mpindo wake. Mwenye kitanda hajui kuieleza kasoro, lakini anaiona. Lawama huangukia msumeno. Mara nyingi msumeno umefuata mstari vizuri tu, na mstari wenyewe ndio mbovu, kwa sababu ulichorwa kwa mkono mtupu.

Mkono huchora vipande vifupi vifupi, kila kimoja na mpindo wake. Jicho halijali mpindo ukizidi au ukipungua kidogo. Linalolikera ni mpindo unaobadilika ghafla. Upapi mwembamba wa mbao ukikunjwa hauwezi kubadilika hivyo, maana ugumu wake huusambaza mkunjo kwenye urefu wote. Basi mwachie upapi kazi ya kuchora.

Tuchukue ubao wa kichwani wenye upana wa sentimita 120, unaoinuka sentimita 10 katikati. Ukitaka kuuchora kwa kamba na msumari kama tao la mlango, kamba itahitaji urefu wa sentimita 185, na kamba huvutika. Upapi ni bora. Pasua mmoja wa msaji au mninga, unene milimita 4, upana milimita 25, urefu sentimita 150. Usiwe na fundo, na unene uwe sawa kote, kwani pembamba patakunjika zaidi kuliko pengine.

Pigilia misumari mitatu: mmoja katikati juu, miwili kwenye ncha za mpindo. Usiutoboe upapi, uegemeze tu kwenye misumari. Ncha zake zipite karibu sentimita 14 kila upande, nawe uzishike na kuzisukuma kidogo, la sivyo mpindo utanyooka mwishoni. Hapa wengi huharibu kwa kuongeza misumari. Kila msumari wa ziada waweza kuzaa kinundu. Uking'oa mmoja na upapi ukaruka, jua ulikuwa unalazimishwa, ufuate ulikokwenda.

Pande mbili zilingane? Kata kielelezo cha nusu tu kwa plaiwudi ya milimita 6, chora upande mmoja, kigeuze uchore wa pili. Pale katikati mstari lazima uwe mraba kabisa na mstari wa kati, ama sivyo utapata pembe badala ya mpindo. Kwa unyevu wa Mombasa, plaiwudi inafaa kuliko emdiefu (MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa), ambayo kingo zake huvimba zikipata maji. Upapi nao uuhifadhi umelala bapa.

Kata ukiacha milimita 2 nje ya mstari. Kwa msumeno wa mkanda, wengi hukimbilia ukanda mwembamba. Ukanda wa milimita 12 unapinda hadi nusu kipenyo cha takriban milimita 65, kwa hiyo unatosha kabisa hapa, na hautangatangi kama ule wa milimita 6. Jigsoo, msumeno mdogo wa umeme wa kushika mkononi, ina hila nyingine: kwenye mbambakofi nene, wembe hupinda chini huku juu ukiwa bado uko kwenye mstari. Sukuma polepole, usiubanie ubavuni. Asiye na umeme akate mikato kila sentimita 3 hadi karibu na mstari, kisha aondoe vipande kwa patasi.

Kusawazisha kunaamuliwa na nyuzi za mbao. Kwenye mgongo wa mpindo, anza kileleni ushuke kwenye ncha. Kwenye bonde, anza kwenye ncha ushuke katikati. Ukipanda, chuma cha kusawazishia kinaingia chini ya nyuzi na kuzing'oa.

Msasa namba 80 usiufunge kidoleni, maana kidole huingia kwenye mashimo na kuyachimba zaidi. Ugundishe kwenye kipande cha plaiwudi ya milimita 3 chenye urefu wa sentimita 30: kitapinda na mbao, lakini kitavuka mashimo na kula vinundu peke yake. Angalia kwa mwanga wa ubavuni, kisha pitisha kiganja ukiwa umefumba macho. Halafu namba 120, na 180.

Miguu ya nyuma ya kiti inahitaji tahadhari zaidi. Mpindo ukikata nyuzi zikatokeza ubavuni, mguu huvunjika kwa urahisi mahali hapo, hata ukiwa mnene. Mataruma ya jahazi, yaani mbavu zake, huchongwa kwa miti iliyopinda tangu porini kwa sababu hiyo: nyuzi zinafuata mpindo wote. Fundi wa viti naye achague ubao ambao nyuzi zake zimeelekea kupinda, aulaze upapi juu yake kabla ya kushika msumeno.