Soketi ya prosesa ni nini, na kwa nini uijue kabla ya kutoa pesa

Soketi ni kikao cha prosesa (CPU, yaani ubongo wa kompyuta) kwenye ubao mama, ule ambao mafundi huuita mazabodi. Ni kimraba chenye fremu ya chuma na kimkono cha kukazia pembeni. Prosesa ikikaa hapo ndipo inapopata umeme na kuwasiliana na RAM, diski na vingine vyote. Neno ni lile lile la soketi ya ukutani, na wazo halipishani sana: plagi isiyolingana na matundu haiingii hata ukiisukuma vipi.

Mtu mwenye bajeti ndogo akitaka kuongeza kasi ya kompyuta yake ya mezani huuliza kwanza, "Prosesa gani kali?" Mimi humrudisha nyuma: soketi yako inapokea zipi? Maana ukitoka nje ya soketi uliyonayo, unanunua ubao mama mwingine, mara nyingi na RAM ya aina nyingine, na pengine hata pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme. Hapo bajeti imeshakwisha na prosesa bado hujainunua.

Chukua mashine ambayo bado naikuta kwenye sekretarieti za mtaani na maduka ya kuchapisha: Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, iliyofika kwetu kama mtumba baada ya kutumika ofisini ng'ambo. Soketi yake ni LGA1155. Hiyo 1155 ni idadi ya pini. Inapokea prosesa za Intel Core za kizazi cha 2 na cha 3, na kizazi unakisoma kwenye jina lenyewe: i3-3220 ni cha 3, i5-4570 ni cha 4.

Kijana wa jirani yangu aliniletea ya kwake, yenye i3-3220, pamoja na i5-4570 aliyokwisha kuinunua. Hiyo ni ya soketi LGA1150. Tulipoilaza, vikato viwili vya pembeni havikukutana na meno ya soketi, ikabaki imeinama upande mmoja. "Kaka, si pini tano tu zimepungua?" Ni tano kwa hesabu, lakini mpangilio wote ni mwingine. Nilimzuia asiikandamize, kwa sababu pini za soketi hizi ziko upande wa ubao, nyembamba kama unywele, na ukizipinda umeharibu ubao mzima.

Muuzaji alikubali kumbadilishia, akarudi na i5-3470. Tazama namba hizi, maana ndizo zinazowachanganya watu. i3-3220 inakwenda kwa kasi ya GHz 3.3, wakati i5-3470 inaanzia 3.2 na kupanda hadi 3.6. Anayesoma GHz peke yake ataona hakuna faida. Lakini ya kwanza ina viini 2, yaani sehemu za ndani zinazofanya kazi kwa pamoja, ya pili ina 4, na mtu anayehariri video au kufungua programu nyingi pamoja hulipia viini. Kilele cha soketi hiyo kwa matumizi ya kawaida ni i7-3770, viini 4 na nyuzi 8 (kila kiini hushika kazi mbili kwa pamoja). Utakutana pia na Xeon E3-1240 v2, nayo ya LGA1155, yenye viini 4 na nyuzi 8. Hii haina sehemu ya picha ndani yake, kwa hiyo bila kadi ya picha skrini itabaki nyeusi.

Jina la soketi halitoshi peke yake. LGA1151 ilitoka 2015 kwa kizazi cha 6, ikatumika na cha 7. Mwaka 2017 kizazi cha 8 kikaja na soketi yenye jina hilo hilo na pini zile zile 1151, ila Intel ilipanga upya kazi zake. Pini za kuingiza umeme ziliongezeka kutoka 128 hadi 146. Prosesa ya kizazi cha 8 inakaa vizuri kabisa kwenye ubao wa kizazi cha 6, halafu mashine haiwaki. Huu ndio mtego unaoniuma zaidi, kwa sababu macho hayawezi kuuona. Dawa yake ni kusoma orodha ya prosesa zinazokubaliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao, pamoja na toleo linalotakiwa la BIOS, ile programu ya ndani ya ubao inayowasha mashine.

Upande wa AMD, mshindani wa Intel, soketi AM4 ilibeba prosesa za Ryzen, kuanzia za kwanza za 2017 hadi 5800X3D ya 2022. Mwenye ubao wa AM4 ana nafasi kubwa ya kupanda, mradi asasishe BIOS kabla ya kung'oa prosesa ya zamani.

Na kabla ya yote, fungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kinachotumia nguvu za mashine, wakati mashine inakwama. Kama CPU iko asilimia 30 na diski iko 100, pesa yako inahitajika kwenye SSD, diski ya kasi isiyo na sahani inayozunguka. Kwa yule kijana CPU ilikuwa imeganda 100 kila alipotoa video aliyomaliza kuihariri, ndiyo maana nilikubali kushika bisibisi. Tulifuta pesti iliyokauka, ile ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipozeo, tukalinganisha pembetatu ndogo ya kwenye kona ya prosesa na alama ya soketi, tukaweka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele, tukafunga feni. BIOS ikasoma i5-3470 mara ya kwanza.