Je, wajua kwa nini Zanzibar haikualikwa Berlin?

Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, kisha na Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Mwaka 1862 Uingereza na Ufaransa ziliahidiana kwa maandishi kuheshimu uhuru wa Sultani wa Zanzibar. Hata hivyo, mataifa 14 yalipokutana Berlin Novemba 1884 kujadili mambo ya Afrika, Dola ya Uthmaniya (ya Waturuki) ilikuwamo, Zanzibar haikuwamo.

Sehemu kubwa ya jibu imo katika fikra za kiliberali zenyewe. John Stuart Mill, mtetezi mashuhuri wa uhuru wa mtu binafsi, alikuwa mwajiriwa wa Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki, iliyotawala India, kwa miaka 35. Mwaka 1859 alidai kwamba kanuni za mataifa husimama juu ya kutendeana kwa usawa, na kwa kuwa "washenzi" hawatarajiwi kulipa wema kwa wema, kanuni hizo haziwahusu. Kuwatawala kwa mabavu kulikuwa halali, mradi nia iwe kuwaendeleza. Kwa hoja hiyo, uhuru ukawa zawadi ya mwenye kufaulu mtihani wa ustaarabu, na msahihishaji alikuwa mtawala yuleyule. (Neno letu "ustaarabu" nalo lina kipimo chake, maana asili yake ni kufuata mwenendo wa Waarabu, huko Ulaya rula ilikuwa nyingine.)

Dalili zilikuwapo tangu mwanzo. Mkataba wa 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za Wamarekani, ukampa konseli wao (mwakilishi wa serikali yao) mamlaka ya kuamua kesi baina yao. Saini ya Sultani ilitakiwa. Mahakama yake haikuaminiwa.

Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake Kaisari wa Ujerumani aliidhinisha madai ya kampuni ya Mjerumani Carl Peters huko Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, katika bara ya Tanzania ya leo. Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyedai maeneo hayo ni yake, alipopinga, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake mwezi Agosti.

Mwaka 1890 Uingereza ilipoitangaza Zanzibar kuwa nchi lindwa (iliyo chini ya ulinzi wake), Ufaransa ilikumbusha ahadi ya 1862. Fidia ilitolewa, lakini kwa Ufaransa: Uingereza ilitambua himaya yake juu ya Madagaska.