Mwalimu mwezeshaji maana yake nini?

Mtaala mpya ukija, semina haiwezi kumfikia kila mwalimu. Shule hupeleka mmoja au wawili, wanarudi na kabrasha, na wenzao wanawangoja. Huyo anayerudi, akaendelea kufundisha zamu zake huku akiwashika mkono wenzake, ndiye mwalimu mwezeshaji.

Tanzania Bara neno hili limezoeleka kupitia MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Walimu hukutana shuleni kwao katika Jumuiya za Ujifunzaji, wakajadili mada zinazowatatiza. Mitaala iliyoboreshwa ilipoanza kutumika Januari 2024, vikao hivyo vikawa na kazi nzito zaidi.

Mwezeshaji si mthibiti ubora, yaani afisa anayekagua shule. Hapimi, hajazi fomu, na anayoyaona darasani kwa mwenzake hayapeleki ofisini kwa mwalimu mkuu. Siri hiyo ikivunjika mara moja tu, hakuna atakayemkaribisha tena.

Kwa hiyo kumwandaa si kumsomesha muhtasari mpya tu. Mfikirie mwalimu wa hisabati aliyefundisha miaka ishirini na mitano. Andalio lake la zamani linasema mwanafunzi aweze kutaja vipimo vya urefu. Mtaala wa umahiri unataka mtoto ashike kamba, apime bustani ya shule, kisha aeleze alivyopata jibu. Ukimwambia mzee huyu kwamba amekosea, umempoteza. Na kwa kweli hajakosea, alifanya alichoagizwa. Mwezeshaji aliyefunzwa vizuri hukaa nyuma ya darasa akiwatazama watoto: nani ameshika kamba, nani amesimama tu. Baadaye, wakiwa wawili, huuliza: "Mwalimu, ulitaka watoto waweze kufanya nini?" Halafu ananyamaza, asikilize. Kunyamaza huko kunafundishika, ila kwa kuigiza mazungumzo yenyewe semina nzima, si kwa kuonyeshwa slaidi.

Mafunzo yakishuka kutoka taifa hadi mkoa, halmashauri, kata na shule, kila ngazi hupunguza kitu. Siku tano huwa mbili, mbili huwa saa chache za alasiri. Kinachokatwa kwanza, naona, ni mazoezi haya haya.

Tena mwezeshaji ana vipindi vyake na madaftari ya kusahihisha. Mwalimu mkuu asipomwachia nafasi kwenye ratiba, ataingia darasani kwa mwenzake lini?