Mpira wa pampu haurudishi petroli uliyolipia

Ujumbe huu huzunguka kwenye makundi kila mara: "Ukijaza mafuta, minya kishikio cha pampu kidogo tu. Ukiminya sana, petroli inageuka mvuke, mpira unaivuta na kuirudisha kwenye tangi la kituo, nawe umeshailipia."

Si kweli. Ni kweli baadhi ya pampu zina kifaa cha kuvuta mvuke, lakini mvuke unaovutwa ni ule uliokuwa tayari ndani ya tangi la gari lako. Ukiingiza lita 40 za petroli, takriban lita 40 za hewa yenye mvuke lazima zitoke. Humo mna petroli gramu 50 hivi, yaani kama mililita 70 ikiwa maji maji. Bila kifaa hicho zingeishia hewani, pamoja na benzini, kemikali iliyomo kwenye petroli inayosababisha saratani, na wa kwanza kuivuta ni wewe na mhudumu. Ndiyo maana serikali nyingi zimelazimisha vituo kuweka kifaa hiki.

Mita imo ndani ya pampu, kabla ya mpira. Inahesabu kimiminika kinachotoka. Mvuke unapita njia yake ya pembeni. Ukiwa na shaka, omba kipimo cha lita 20 chenye alama shingoni, kijazwe kwa kasi kisha polepole, na usome mwenyewe.

Watu huchanganywa na mpira mnene na mvumo wa kuvuta. Hasara halisi ni kuongeza baada ya pampu kujikata: petroli huweza kuingia kwenye kopo la mkaa linalonasa mvuke garini na kuliharibu.

Ujumbe ukikufikia, tafadhali usiusambaze.