Betri ya taa ya dagaa haitaki pasi ya risasi

Siku za mbalamwezi, boti za dagaa zinapopumzika, ndipo taa hurundikana kwa mafundi wa Ngamiani. Kilio ni kimoja: "Fundi, taa haifiki usiku wa manane." Tukizifungua betri hizo kwenye karakana ya chuo chetu hapa Tanga, mara nyingi tunakuta seli za mviringo, zile za kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, zimeungwa kwa waya na risasi. Tone la risasi linang'aa vizuri tu. Ubovu uko ndani.

Pasi ya kulehemu hufika nyuzi joto 350 hivi. Ndani ya seli ya lithiamu, chanya na hasi vimetenganishwa na utando mwembamba wa plastiki ambao huyeyuka karibu na nyuzi 130. Kitako cha seli ni chuma, kinakunywa joto, kwa hiyo fundi anakandamiza pasi mpaka risasi ishike. Mara nyingi seli hailipuki mezani. Inapungua nguvu kidogo kidogo, au inakuja kuleta balaa ikiwa kwenye chaji, watu wamelala.

Kinachofaa ni kuchomelea kwa nukta. Utepe wa nikeli unalazwa juu ya seli, ncha mbili za shaba zinaukandamiza, na umeme wa mamia ya ampea, hata zaidi ya elfu moja, unapita kwa milisekunde chache. Joto linazuka palepale utepe unapogusana na kitako, kwa sababu hapo ndipo penye ukinzani mkubwa, na metali zinashikana kabla seli haijapata moto.

Jaribu kwanza kwenye seli mbovu iliyokwisha chaji. Ng'oa utepe kwa koleo. Ukitoka mzima mzima, hujachomelea kitu. Tunataka uchanike, uache vipande vyake vimeganda kwenye kitako. Kitako kikitoboka, umezidisha umeme.

Upande wa chanya nao una mtego wake: gamba lote la seli ni hasi, mpaka begani, na utepe wa chanya ukiligusa ni shoti. Vika pete ya karatasi ya kuhami kabla ya kulaza utepe. Vua na pete yako ya ndoa, mama watoto ataelewa.

Halafu utepe wenyewe. Madukani kuna nikeli halisi na kuna chuma kilichopakwa nikeli. Cha pili kinashika upesi kwenye mashine, ndiyo maana kinapendwa, lakini hupitisha umeme vibaya na hupata moto taa ikiwaka. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Kwaruza kipande kwa tupa, kitumbukize kwenye kikombe cha maji ya bahari, kilaze humo. Asubuhi mkwaruzo ukiwa umeota kutu, huo ni chuma: rudisha dukani.